Wanasema pumu ni ya watu wa mjini, mbona mwanangu amezaliwa kijijini?

Shikamoo Mama Nesi,

Naomba usinitaje jina wala kijiji, andika tu Makete, maana huku tunajuana hata kwa kikohozi.

Nina watoto watatu. Ninayekuandikia habari zake ni wa kati, wa kiume, ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Tangu mdogo mafua hayamwishi. Usiku anakohoa kikohozi kikavu, hasa alfajiri, kukipambazuka anacheza na wenzake kama hana lolote. Tangu Januari nimempeleka zahanati mara nne, na kila mara narudi na dawa ya maji ya kikohozi na amoksilini. Anamaliza dozi, wiki mbili hazipiti, tunaanza upya.

Mwezi wa saba ndipo nilipoogopa. Ijumaa moja, kama saa saba usiku, kaka yake alikuja kuniamsha. Nilimkuta ameketi kitandani, mikono ameikita magotini, mabega yamepanda, kifua kinalia kama paka anayekoroma. Nikamuuliza nini, akasema "Ma", akavuta pumzi, akasema "ma" nyingine. Nilipofunua shati nikaona ngozi inazama kati ya mbavu kila akivuta. Tulipakizana kwenye bodaboda mpaka hospitali, akawekewa mashine ya mvuke puani, baada ya nusu saa akaomba chai. Daktari akasema ni pumu. Akatupa inhela ya bluu, akaonyesha haraka haraka jinsi ya kupuliza, tukarudi.

Jumanne iliyofuata ikamrudia, siyo kwa nguvu ile. Kisha Jumatatu moja ya baridi kali, umande umeganda kwenye nyasi, alibanwa shuleni wakati wa mchakamchaka. Mwalimu wa zamu akasema mtoto huyu ana uvivu wa kujifanyisha, akamweka apige magoti. Na Ijumaa ya juzi tena usiku. Katikati hapo, shule zilipofungwa, alikwenda kwa mjomba wake Makambako wiki mbili, na kule hakukohoa hata mara moja. Mama mkwe anasema ni kwa sababu kule hakuna watu wa kumtazama vibaya.

Huyo mama mkwe ndiye anayesema pumu ni ugonjwa wa watu wa mjini, wa magari na viyoyozi, sisi huku tuna hewa safi, kwa hiyo daktari kakosea. Anataka apelekwe kwa mzee mmoja akakatwe kimeo. Jirani naye ananiambia nitafute damu ya kobe. Mume wangu si mtu mbaya, lakini amesikia inhela inazoeleka, ukianza huachi mpaka unakufa, basi ameifungia kwenye sanduku lake, inatolewa akiwapo yeye. Na yeye kazi yake ni kupasua mbao, wiki nyingine hayupo.

Nikueleze na nyumbani, huenda itasaidia. Nyumba yetu ni ya tofali, vyumba viwili na sebule. Chumba cha wavulana tumeweka mbegu ya viazi na bomba la kupigia dawa, kwa hiyo wavulana wanalala jikoni, ambako kuna joto. Jiko ni la mafiga, nyumba yake ya peke yake, ina mlango na katundu juu. Kuku nao wanalala humo. Najipatia riziki kwa kupika komoni, pombe ya kienyeji, Jumanne na Ijumaa, pipa zima, kuanzia mchana mpaka saa tatu usiku. Kuni ni misindano, mara nyingi hazijakauka vizuri. Kaka yake analala palepale na haugui, ndiyo maana nashindwa kuamini kwamba ni moshi. Huyu mdogo tangu mchanga ana pumu ya ngozi kwenye viwiko na nyuma ya magoti, kama aliyokuwa nayo baba yake utotoni.

Je, mtoto wa kijijini anaweza kupata pumu kweli? Nimkate kimeo? Nimwombee ruhusa asikimbie kabisa shuleni? Na mimi nimekosea wapi?

Mama wa Makete

*

Marahaba, mama, na pole sana kwa usiku ule wa bodaboda.

Kabla ya yote: leo, kabla hujalala, hiyo inhela itoke sandukuni. Kama baba hayupo, mpigie simu akwambie funguo iko wapi. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi na kati ya yote uliyoandika, moshi, kuku, baridi, kimeo, hakuna lililonitisha kama hilo sanduku. Ngozi inayozama kati ya mbavu na mtoto anayeshindwa kumaliza neno "mama" ni dalili za shambulio kali. Dawa ya kumwokoa mko nayo nyumbani, ila ufunguo uko msituni na mpasua mbao.

Mwambie hivi, kwa heshima yake: inhela ya bluu haileti uraibu. Ina dawa iitwayo salbutamoli, inalegeza misuli iliyobana njia za hewa, na baada ya saa chache nguvu yake inaisha. Mtu anayeitumia kila siku hajaizoea, ugonjwa wake haujatulizwa, na hilo ndilo la kumpeleka kwa daktari. Watu wanaona mgonjwa alikufa akiwa ameshika inhela mkononi, wanasema inhela imemuua. Aliyezama kwenye mafuriko akiwa ameshika kamba, kamba ndiyo iliyomzamisha?

Sasa barua yako. Niliisoma mara mbili. Mara ya pili nikachukua kalamu nikapigia mstari siku. Ijumaa. Jumanne. Jumatatu. Ijumaa. Kisha nikashuka chini nikakuta komoni inapikwa Jumanne na Ijumaa, na wavulana wanalala humohumo, saa chache baada ya pipa kuteremshwa, makaa ya msindano mbichi yakiwa bado yanafuka. Mashambulizi matatu kati ya manne yameangukia usiku wa komoni. Na Makambako, wiki mbili, hakuna hata kikohozi. Sijui mjomba wake anapikia nini, lakini sidhani kama anamlaza mtoto jikoni. Mama mkwe wako anasema pumu ni ya mjini, na mtoto amepona alipokwenda mjini. Mwulize hilo, lakini kwa upole, siku ambayo amekula vizuri.

Hata hivyo, mama mkwe hajakosea kabisa, na nisingependa umdharau. Miaka ya 1990 watafiti wa Kenya waliwakimbiza watoto wa shule za Nairobi na za vijijini Murang'a, wakawapima pumzi kabla na baada ya kukimbia. Wa Nairobi waliobanwa njia za hewa walikuwa karibu 23 katika kila 100. Wa Murang'a walikuwa 13. Kwa hiyo mjini ni zaidi, kweli. Huko Ulaya nako watoto waliokulia kwenye mazizi ya ng'ombe tangu wachanga wanaugua pumu kidogo kuliko wenzao, na wataalamu wanadhani vijidudu vya zizini vinaifundisha kinga ya mwili kutokurupuka. Lakini 13 katika 100 wa Murang'a ni watoto watano au sita katika darasa la watoto 45. Na mkulima wa Ujerumani mwenye ng'ombe 30 hapiki kwa mafiga ndani ya chumba anacholala mwanawe. Hewa ya Makete nje ya mlango ni safi sana, sikatai. Mwanao usiku haivuti hiyo.

Shirika la Afya Duniani linahesabu wagonjwa wa pumu milioni 262 kwa mwaka 2019 na vifo 455,000, na vifo vingi viko katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi na dawa haipatikani. Kwako ilichukua safari nne za zahanati na chupa nne za amoksilini. Amoksilini inaua bakteria, na pumu haina bakteria wa kuuawa.

Umeuliza mbona kaka yake analala palepale na haugui. Hilo ni swali zuri kuliko yote, na jibu lake umeliandika mwenyewe bila kujua, pale uliposema "pumu ya ngozi". Waswahili walioupa ule ukurutu jina hilo walikuwa na macho. Ukurutu wa viwikoni, mafua yasiyoisha na pumu ya kifua ni ndugu wa tumbo moja, vinatembea kwenye ukoo, na baba yake aliwahi kuwa nao. Mdogo amerithi mwili unaokurupuka upesi, kaka hakurithi, au amerithi kidogo. Mambo mengine ya mwanzo huongeza hatari: kuzaliwa njiti, mama kuvuta moshi mwingi wakati wa ujauzito, iwe sigara au kuni, na mtoto kuugua sana kifua kabla ya miaka miwili.

Kwa hiyo usijiulize umekosea wapi. Hujamtia mwanao pumu kwa kupika komoni. Kuna vinavyoifanya pumu iwepo na kuna vinavyoichokoza, na mara nyingi vya kwanza haviko mikononi mwako. Njia za hewa za mtoto mwenye pumu zimevimba ndani muda wote, hata siku anayocheka na kucheza. Kikija kichokozi, misuli inazibana, ute mzito unajaa, na hewa inapita kwenye kitundu cha sindano. Ndiyo ile filimbi, au paka wako. Usiku wa manane na alfajiri mwili wenyewe huzibana njia za hewa kidogo zaidi, kwa kila mtu. Hakuna jinamizi wala mtu wa kumtazama vibaya.

Moshi wa kuni ni kichokozi kikubwa. Kuna utafiti mkubwa wa dunia, matokeo yake yalitoka 2013, uliouliza habari za watoto zaidi ya nusu milioni katika nchi 47, na watoto wa nyumba zinazopikia moto wa wazi walikuwa na dalili za pumu zaidi ya wengine. Mwenye ubishi atasema kuulizana siyo kupima, na ana haki. Lakini kwa mwanao wewe nimeshahesabu siku.

Sitakwambia uache komoni. Najua ada, sare na madaftari vinatoka kwenye pipa hilo, na mshauri anayemwambia mama aache riziki yake hajawahi kuishi kwa riziki hiyo. Nakwambia uhamishe watoto kwanza, moto baadaye.

Chumba cha wavulana kirudi kuwa cha wavulana. Mbegu ya viazi haitaki chumba cha giza, inataka mwanga hafifu na hewa, bwana shamba atakueleza. Uchaga chini ya kibanda unatosha. Bomba na chupa za dawa ya viazi ndizo hasa zisingekaa ndani ya nyumba kabisa. Harufu ya dawa hizo inachokoza pumu, na mtoto mdogo hajui tofauti ya chupa ya dawa na ya soda. Gongeni kasanduku ka mbao nje, kenye kufuli, na kama baba anapenda kufungia vitu, hapo ndipo pa kufungia.

Kosa moja nalijua litakuja, kwa sababu nimekulia milimani na nimeliona. Watoto wakihamia chumbani watalalamika baridi, na mtu mwenye huruma atawaingizia jiko la mkaa. Usikubali! Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na kuna familia zimelala hivyo hazikuamka. Blanketi la pili, soksi, sweta la kulalia, wavulana wawili kitanda kimoja wakipeana joto: hiyo yatosha. Mablanketi yaanike juani kila jua likitoka, huko kwenu najua halitoki kila siku, kwa sababu wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho wanapenda unyevu wa matandiko na ni wachokozi wazuri sana. Ukuta wa chumba ukiwa na ukungu mweusi pembeni, usugue, uache dirisha wazi mchana.

Kisha pipa. Litoke nje, kwenye kibanda chenye paa bila kuta, upande ambao upepo hausukumi moshi mlangoni. Msindano mbichi ndio unaotoa ule moshi wa njano unaokaba koo. Upasue vipande vyembamba, upange chini ya mapaa, uukaushe miezi, uanze kutumia wa zamani. Nikiwa na miaka kumi na moja nilikuwa nakaa jikoni kwa bibi nikikausha macho kwa upindo wa kanga, nikadhani moshi ni sehemu ya kupika, kama chumvi. Leo nikiingia jiko lenye kuni kavu na dirisha pana nashangaa tulivumilia nini. Kuku nao watafutiwe banda.

Utasikia habari za majiko banifu na gesi. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, kwa hiyo wauzaji watafika hadi kwenu. Jiko banifu ni jema, linapunguza kuni na moshi. Ila usiuze mbuzi ukidhani umemaliza kazi. Malawi waligawa majiko ya namna hiyo kwenye vijiji vingi, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano, na matokeo ya 2017 yakaonyesha nimonia haikupungua. Ilikuwa nimonia, siyo pumu, lakini funzo linatuhusu: moshi wa takataka, wa jirani na wa sigara ulikuwa bado upo. Chumba cha kulala kisicho na moshi wowote ni bora kuliko jiko zuri ndani ya chumba cha kulala. Na anayevuta sigara kwenu, kama yupo, avutie mbali na nyumba.

Kuhusu kimeo: hapana. Kimeo kinaning'inia kooni, pumu iko chini kabisa kwenye mirija ya mapafu, havikutani. Nilichowahi kuona baada ya kukata kimeo ni damu isiyokatika, koo lililooza kwa maambukizi, na mtoto mmoja wa pepopunda ambaye sitaki kumsimulia. Wembe wa mzee hauchemshwi mbele yako. Kobe naye mwacheni ale majani yake.

Rudi hospitali, na safari hii ukae na daktari. Mwombe mambo matatu. La kwanza, kikohozi kinachozidi wiki mbili apimwe na kifua kikuu, ili liondoke akilini. La pili, umweleze siku za mashambulizi kama ulivyonieleza mimi. La tatu, umwulize habari za inhela ya pili, mara nyingi ya kahawia, yenye dawa ya kutuliza uvimbe, kwa mfano beklometasoni. Ya bluu inafungua mlango uliobana. Hii ya kahawia inatibu uvimbe unaoufanya ubane, na mtoto huivuta kila siku hata akiwa mzima, kisha anasukutua kinywa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena vijana na watu wazima watibiwe kwa ya bluu peke yake, na kwa watoto wa umri wa mwanao nao inatakiwa iandamane na dawa ya uvimbe. Kama atahitaji ya bluu zaidi ya siku mbili kwa wiki, pumu haijatulia. Zahanati ikikosa, uliza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kama mna kadi ya bima ya afya nenda nayo.

Umesema walimwonyesha kupuliza haraka haraka. Ndiyo sababu nyingine dawa haifiki; mtoto akipuliza moja kwa moja mdomoni, nyingi inabaki kwenye ulimi. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Kwenye kitako toboa tundu la ukubwa na umbo la mdomo wa inhela, ili ikae imebana bila kuvuja. Waya uliopashwa moto unakata vizuri, makali yake yalainishe. Inhela inaingia kwenye kitako, mdomo wa chupa unaingia kinywani mwa mtoto, midomo imefunga. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, avute pumzi tano sita za taratibu ndani ya chupa. Ndipo ubonyeze tena. Mara ya kwanza kabisa bonyeza mara kadhaa ndani ya chupa kabla ya kumpa mtoto, plastiki mpya hunasa dawa. Usione ni ufundi wa kimaskini: madaktari wa Cape Town waliilinganisha chupa hii na kifaa cha dukani kwa watoto waliobanwa, mwaka 1999, na ikafanya kazi sawasawa.

Akibanwa usiku, mketishe, usimlaze, mtoe kwenye moshi, mpe mipulizo minne, mmoja mmoja kwa chupa. Ukipita muda wa dakika 20 bila nafuu rudia, hata mpaka mipulizo kumi, na wakati huo bodaboda iwe imeshaitwa. Usingoje alfajiri kama hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinazama, midomo inageuka rangi, au ametulia ghafla na kusinzia huku bado anahema. Kutulia huko kunadanganya wazazi wengi, wanadhani amepona.

Nimeacha shule mwisho kwa sababu ndiko nilikokasirika. Mtoto aliyebanwa kifua kapigishwa magoti! Lakini mwalimu hakufundishwa pumu chuoni, na kelele hazitamfundisha. Usiombe ruhusa asikimbie kabisa. Mtoto mwenye pumu iliyotulizwa anapaswa kukimbia, mapafu yake yanahitaji mazoezi, na naye anahitaji kuimba mchakamchaka na wenzake badala ya kutazama akiwa kando. Tatizo la Jumatatu ile lilikuwa hewa kavu ya baridi kali ikivutwa kwa mdomo, kwa kasi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kifua ambacho hakijatibiwa. Apulize mipulizo miwili ya bluu robo saa kabla, aanze kwa kutembea, afunge skafu puani na mdomoni mpaka jua lipande. Kitu kingine cha shuleni ni ile fagia ya asubuhi: watoto sitini na mifagio ya miti, vumbi limesimama kama ukungu, halafu wanaingia darasani kufuta ubao wa chaki.

Nenda wewe na baba yake, akiwa amerudi, mkamwone mwalimu mkuu mkono kwa mkono. Mwachie karatasi hii, uiandike kwa mwandiko wako, ibaki ofisini:

"Kwako Mwalimu. Mtoto wetu wa darasa la tatu ana pumu iliyothibitishwa na daktari. Inhela yake ya bluu na chupa yake viko kwenye mfuko wa begi lake, tunaomba asinyang'anywe wala visifungiwe kabatini. Kabla ya mchakamchaka atapuliza mara mbili. Akisema kifua kinabana, tafadhali asimame, aketi, apuliziwe mara nne kwa chupa kama tulivyokuonyesha, na tupigiwe simu. Asipopata nafuu kwa dakika 20, apelekwe hospitali bila kutungoja sisi. Zamu ya usafi tunaomba apewe kazi ya kunyunyiza maji kabla ya wenzake kufagia; anaiweza, na ana nguvu. Ahsante kwa kutulelea."